Tunanunua nyumba Bukavu: maji ya moto kwa gesi ao kwa umeme?

Mama_wa_Ndendere:

Jambo wote. Tuko karibu kutia sahihi kwa nyumba moja ya Ndendere. Ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, na imekaa kwenye mteremko kama nyumba nyingi za hapa. Upande wa chini kuna depo (stoo) ndogo isiyo na dirisha. Bafuni kuna boila ya umeme ya lita 80, jikoni kuna jiko la umeme la sahani tatu, na ukutani kuna kashi pawa (mita ya umeme wa kulipia kabla). Maji yanatoka kwenye siterne (tangi) ya lita 1000 iliyo juu ya nguzo. Kutoka kitako cha siterne mpaka kichwa cha bafu nimepima mita 2.5. Delestaji (mgao wa umeme) tunaijua wote, na jioni taa zinakuwa nyekundu. Tutakuwa watu 6.

Mwenye nyumba anataka kutuachia pia mashine ya gesi ya kuchemsha maji, ya mtumba kutoka Ubelgiji, na ameiongeza kwenye bei. Shemeji yangu aliye Calgary anasema tuweke gesi kila mahali, hata ya kupasha vyumba, maana umeme ni kumwaga pesa. Majirani wanasema kinyume. Basi, gesi ya chupa ao umeme kwa maji na kwa jiko? Kuna haja ya kupasha nyumba? Na nikague nini kabla pesa haijatoka mkononi? Naomba namba, si maoni matupu.


Hesabu_Kwanza:

Mama, namba ziko, na bei nitakuachia uziweke mwenyewe kwa sababu zinabadilika kila mwezi.

Kupasha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kWh 0.00116 (kWh ni uniti moja ya umeme). Haijali kama moto ni wa gesi, umeme au makala (makaa). Tuchukue maji ya bomba yaliyo kwenye nyuzi 20, mtu anaoga lita 25 za nyuzi 40 (ndoo moja kubwa na kidogo). Watu 6 ni lita 150, sawa na kWh 3.5 kwa siku. Mkioga kwa bafu la kumwagika, lita 40 kila mmoja, inafika kWh 5.6.

Sasa kwa umeme: boila inabadilisha karibu umeme wote kuwa moto, ila inapoteza joto kupitia ngozi yake hata bila mtu kufungua bomba. Ya lita 80 yenye povu zima inapoteza kama kWh 1 hadi 1.5 kwa siku. Kwa hiyo weka kWh 4.7 kwa siku, yaani 141 kwa mwezi.

Kwa gesi: kilo 1 ya butani au propani ina kWh 12.8 hivi. Mashine nzuri ya papo kwa papo inakuletea majini kama asilimia 82, tuseme kWh 10.5. Lita 150 zako zinakula gramu 330 kwa siku, na chupa ya kilo 12 inakufikisha siku 36. Kwa mwezi ni kilo 10.

Kumbe unalinganisha kWh 141 na kilo 10. Zidisha bei ya kWh moja unayolipa mara 14. Ikitoka chini ya bei ya kilo moja ya gesi mlangoni kwako (usafiri ndani), umeme ndio nafuu. Mfano wa mkono tu: kilo ikiwa dola 2, umeme unashinda mpaka kWh ifike senti 14. Hesabu kwa tiketi yako ya mwisho ya kashi pawa: gawanya pesa uliyotoa kwa kWh ulizopewa, usichukue bei iliyobandikwa, kwa kuwa tozo na kodi zimo ndani ya ile pesa.

Kwa jiko uwiano ni mwingine. Sahani ya umeme inapeleka kwenye sufuria kama asilimia 70 ya moto wake, jiko la gesi karibu nusu tu, mwingine unapanda pembeni ya sufuria. Hapo kilo 1 ya gesi ni sawa na kWh 9 hivi. Lakini jikoni sitazami bei peke yake: maharage hayawezi kusubiri umeme urudi. Na kwa kimo chetu cha mita 1500 hivi maji yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100, maharage yanakaa motoni zaidi kuliko Dar es Salaam. Sufuria ya presha itakuokolea gesi kuliko mjadala wote huu.


Papa_Kamalondo:

Niko Lubumbashi, nijibu la shemeji wa Calgary, maana linachanganya watu wengi.

Gesi yake na gesi yako ni vitu viwili. Huko inakuja methani kwa bomba la mtaa, haikatiki, inapimwa kwa mita kama maji. Inaingia kwenye tanuru lililo chini ya nyumba, tanuru linapasha hewa, na feni inaisukuma kwenye mifereji ya bati mpaka kila chumba. Mnunuzi wa nyumba kule anauliza: tanuru ni la zamani linalopeleka asilimia 80 ya moto ndani na 20 kwenye bomba la moshi, au ni jipya la asilimia 95, lile linalotoa moshi wa vuguvugu kwa bomba la plastiki na maji yanadondoka chini yake? Anauliza pia kama chuma kinachotenganisha moshi na hewa ya kupumua kimepata ufa, kwa sababu hapo ndipo sumu inaingilia. Ni maswali mazuri kwa mji wenye usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri. Na hata huko huko Kanada, jimbo la Québec lenye mabwawa makubwa, nyumba nyingi zinapashwa kwa umeme. Kinachoamua ni nini kinapita mbele ya mlango wako na kwa bei gani.

Mbele ya mlango wa Bukavu hakuna bomba la methani. Iko nyingi chini ya ziwa Kivu, kilomita za ujazo 60 hivi, na upande wa Rwanda, pale Karongi, mtambo wa KivuWatt unaichoma kutengeneza umeme wa megawati 26. Lakini hakuna anayekuletea jikoni. Chupa yako ni butani na propani za mafuta ya petroli, na zimepanda lori.

Kupasha vyumba Bukavu? Usiku mnashuka kwenye nyuzi 14 au 15. Radieta ya wati 1500 ikiwaka saa 6 inakula kWh 9, hiyo ni moto wa kuogesha karibu watu 10 kwa lita 40 kila mmoja. Ziba kwanza mahali upepo unapoingia: pengo kati ya ukuta na bati, madirisha ya vioo vya kukunja ambavyo havifungi tena, chini ya mlango wa nje. Weka plafo (dari) kama hakuna. Sisi huku, mwezi wa 6 na wa 7 usiku unashuka chini ya nyuzi 10, tunaelewa mtu akitaka radieta ya mafuta chumbani. Ila mbabula (jiko) ya makala iliyoingizwa ndani na mlango kufungwa, hapana, hata kama makala yamekuwa mekundu bila moshi. Makala mekundu ndiyo yanatoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, haina harufu wala rangi, kichwa kinauma, unalegea, unalala.


Nyaya_za_Kadutu:

Mimi nitaangalia umeme wa nyumba peke yake. Watu wanabishana gesi ao umeme, kumbe nyumba yenyewe haiwezi kubeba umeme. Chukua multimeta na fundi anayejua kuitumia, nenda mara mbili: saa nne asubuhi na saa moja jioni.

Anza nje. Tazama waya unaotoka kwenye nguzo ya umeme mpaka kwenye mita. Ukiwa ule uliosokotwa wa alumini, 16 mm², uko sawa. Ukiwa waya wa ndani wa 2.5 mm² uliotundikwa mita 40, kataa ao punguza bei. Jiko likiwaka sahani zote (tuseme wati 4000) pamoja na boila ya wati 1500, unavuta ampea 25. Kwenye waya huo mwembamba unapoteza volti 14 njiani peke yake, na waya unapata moto. Kwenye alumini ya 16 unapoteza 3 ao 4. Angalia pia pale alumini inapokutana na shaba. Kama wamezisokota kwa mkono na kuzungusha skochi, pale patageuka unga mweupe na siku moja patawaka. Panatakiwa kiungo maalum cha metali mbili.

Kisha ndani. Pima volti kwenye mita na kwenye tako la boila (pale nyaya zinapoingia), yote mawili boila ikiwa imezimwa, halafu iwashe upime tena. Ikishuka kwenye tako lakini kwenye mita haikushuka, ugonjwa uko ndani ya nyumba: kiungo kilicholegea kwenye boksi, ao skrubu ya disjonkteri (swichi inayojikata yenyewe) haikukazwa. Ikishuka kotekote pamoja, ni laini ya mtaa, hutaitengeneza wewe.

Kuhusu taa nyekundu za jioni, jua hili: rezistansi ya boila (chuma kinachopasha maji) haiungui kwa volti ndogo, inachoka tu. Volti 160 badala ya 220 inafanya ile ya wati 1500 itoe kama 790. Lita 80 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 ni kWh 3.7: kwa volti kamili ni saa 2 na nusu, kwa 160 ni karibu saa 5. Hulipi zaidi, unasubiri zaidi. Kwa hiyo usinunue stabilaiza kwa ajili ya boila. Friji ndiyo inahitaji.

Boila yenyewe: zima disjonkteri, hakikisha kwa tester kwamba hakuna umeme, fungua kifuniko cha chini, toa nyaya mbili za rezistansi, pima omu. Ya wati 1500 inatakiwa kuonyesha kama 32. Isipoonyesha kitu, imekatika. Halafu pima kati ya mguu mmoja wa rezistansi na bati la boila. Hapo kusipatikane njia kabisa. Ikipatikana, hata ndogo, hiyo boila inapiga watu.

Waya wake uwe wa shaba 2.5 mm², peke yake kutoka kwenye tablo (boksi kuu la umeme), disjonkteri ya A 16, na mbele yake diferensiali ya mA 30 (inayokata umeme ukivuja). Teri (waya wa kupeleka umeme ardhini) isiwe kipande cha chuma cha ujenzi kilichochomekwa kwenye sufuria ya maua, nimeandika hivyo makusudi. Piketi (fimbo ya teri) ya mita 1.5 ao 2 kwenye udongo wenye unyevu, ipimwe kwa kifaa chake, isizidi omu 100. Bila teri diferensiali inasubiri mwili wako ndio iruke.

Na zile bafu za umeme za kichwani za wati 5500, achana nazo. Ni ampea 25 peke yake, zinataka waya wa 6 mm² na A 32, na jioni kwa volti 160 zitakupa maji ya vuguvugu la paka.

Kitu kimoja cha bei ndogo: kama disjonkteri kuu ni ndogo, weka komitateri ya njia mbili, ao jiko ao boila, visiwake pamoja. Asubuhi boila, mchana jiko.


Kwetu_Himbi:

Kutoka Goma, naunga mkono Nyaya_za_Kadutu, niongeze la huku tu kwa wanaosoma: kwenye mawe ya volkano piketi haiingii, na ikiingia jiwe kavu halipitishi kitu. Chimba mfereji, laza waya wa shaba usio na ngozi wa 25 mm² kuzunguka nyumba, leta udongo mweusi ufunike, ndipo upime. Bukavu na udongo wenu mwekundu mna bahati.


Moto_wa_Bluu:

Nijibu ya gesi, na nianze na ile mashine ya mtumba kabla hujailipia. Tafuta kibati chake, mara nyingi kiko pembeni ama ndani ya kifuniko cha mbele. Kuna herufi G na namba. G20 maana yake imetengenezwa kwa methani ya bomba, presha ya milibari 20. G30 ni butani, 28 hadi 30. G31 ni propani, 37. Ubelgiji miji mingi ina gesi ya bomba, kwa hiyo mashine nyingi za mtumba ni G20.

Ukifunga ya G20 kwenye chupa, itawaka, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Meta moja ya ujazo ya methani ina kWh 10 hivi, ya butani ina zaidi ya 30. Jikleri za methani, vile vipande vya shaba ya njano vyenye tundu, vina tundu kubwa. Butani ikipita hapo inatoka nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma: moto wa njano mrefu, masizi meusi kwenye shaba, na monoksidi ya kaboni. Dawa ni kubadilisha jikleri zote na springi ya valvu kwa seti ya vipuri vya kiwanda vya modeli hiyo hiyo. Fundi anayeziba tundu kwa risasi na kutoboa upya kwa sindano anakutengenezea jeneza.

Kuna la kimo pia. Hapa presha ya hewa ni kama asilimia 84 au 85 ya ile ya pwani, oksijeni ni pungufu kiasi hicho hicho. Mashine iliyopimwa usawa wa bahari ipunguzwe moto kwa zaidi ya moja ya kumi, ndipo ichome vizuri. Alama ni rahisi: moto wa bluu mfupi unaosimama imara. Ncha za njano, punguza. Hii inamaanisha pia kwamba mashine iliyoandikwa lita 6 kwa dakika, Bukavu usitegemee zaidi ya 5 za moto kamili.

Mahali pa kuifunga: nje, ukutani chini ya baraza, mbali na dirisha la chumba cha kulala. Bafuni kamwe. Bafu lililofungwa, dakika 15 za mashine ya kilowati 10 zinatosha kuharibu hewa yote mle. Kuna mashine zenye bomba la moshi, lakini bomba lipande juu, lipite bati, lisikunjwe kuingia kwenye plafo. Bomba linaloishia kwenye plafo linarudisha moshi vyumbani.

Chupa: isimame wima, nje, kwenye kizimba chenye matundu chini. Ile depo yako ya chini isiyo na dirisha ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa ya volkano inayolala kwenye mabonde na kuua mbuzi na watoto waliolala chini. Gesi ya chupa ina tabia ile ile. Propani ni nzito mara 1.5 kuliko hewa, butani mara 2, ikivuja inatiririka kama maji kwenye mteremko na kujaza shimo. Tofauti ni kwamba mazuku haiwaki. Kwa nyumba ya mteremko, kizimba kiwe upande ambao gesi ikishuka inakwenda barabarani, si kwenye depo wala kwenye mfereji wa jirani wa chini.

Detanda (kidhibiti cha presha ya gesi) na mpira viendane na gesi. Mpira una mwaka umeandikwa juu yake, ukipita, kata utupe, hata kama unaonekana mpya. Usizidi mita 1.5. Kama jiko liko mbali, piga bomba la shaba ukutani na mpira mfupi mwishoni. Kila ukibadilisha chupa, povu la sabuni kwenye viungo vyote. Mapovu yakikua, funga. Kiberiti si kipimo.


Mama_wa_Ndendere:

Aksanti sana, nimeelewa kuliko miezi yote ya kuuliza. Leo tumerudi kwa nyumba. Kibati cha mashine kinasema G20, mbar 20, kW 17.4, lita 10 kwa dakika, presha ndogo ya maji 0.5 bar. Waya wa nje ni ule wa alumini uliosokotwa. Rezistansi imeonyesha omu 33, na kwenye bati hakuna njia. Teri hakuna kabisa, ule waya wa njano na kijani umekatwa nyuma ya boila. Chini ya boila kuna kidude kinachodondosha matone inapopata moto, mwenye nyumba amekifunga kwa kizibo cha chuma ili kisidondoshe. Ni sawa?


Nyaya_za_Kadutu:

Mama, hicho kizibo kitoke leo, kabla hata ya teri! Kile ni valvu ya usalama, inafunguka kwenye bar 7. Maji yakitoka nyuzi 20 mpaka 60 yanavimba kama asilimia 1.5, kwenye lita 80 ni lita 1 na robo hivi. Lazima zitoke mahali. Wakiziba, na siku moja termosta (kidhibiti joto) ikakwama, ile boila ni bomu juu ya kichwa cha anayeoga. Weka valvu mpya, ile yenye klape ya kuzuia maji yasirudi, na mpira mdogo unaopeleka matone kwenye shimo la maji.

Klape ina kazi nyingine. Siterne ikikauka na hakuna klape, maji ya boila yanarudi nyuma kwa bomba la chini, rezistansi inabaki hewani, umeme ukirudi inaungua ndani ya dakika. Kwa sababu hiyo, baada ya kukosa maji, fungua kwanza bomba la moto mpaka maji yatoke mfululizo bila kupumua, ndipo uwashe.

Omu 33 ni nzuri. Ukiwa umeifungua tayari, toa anodi ya manyezi (fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya tangi) uione. Ikibaki waya mtupu wa chuma, nunua nyingine, la sivyo kutu itakula tangi. Na umwage mchanga wa chini.


Moto_wa_Bluu:

Ile mashine iache. Ukiweka kando G20, namba inayoimaliza ni ile 0.5 bar. Mita 1 ya kimo inakupa 0.1 bar. Siterne yako iko mita 2.5, yaani 0.25, na bado bomba na kona zinakula kidogo. Ile valvu ya maji inayofungulia gesi haitasukumwa, mashine haitawaka hata mara moja. Utaambiwa uweke pompa. Pompa inataka umeme, na umeme ukiwepo, boila ingekuwa imeshachemsha.

Na kilowati 17 kwenye chupa moja ya kilo 12 ni kilo 1 na nusu kwa saa. Chupa inatoa gesi kwa kuchemka ndani kwa ndani, inajipoza, unaiona inatoka jasho, na moto unashuka mtu wa tatu akiwa na sabuni machoni.

Kama utataka gesi ya maji baadaye, tafuta mpya ya lita 6, G30, iliyoandikwa presha ya 0.2 bar au chini, kiberiti cha betri mbili kubwa, na uinue siterne ifike mita 4. Bei ya nguzo iingize kwenye hesabu.


Hesabu_Kwanza:

Basi kwa nyumba hii jibu langu ni boila kwa maji, gesi kwa jiko, na sahani za umeme zibaki kwa siku ambazo umeme upo wa kutosha.

Wengi wanasema boila haifai kwa sababu ya delestaji. Mimi naona kinyume: boila ni betri. Lita 80 za nyuzi 60 ukizichanganya na baridi zinakupa kama lita 160 za nyuzi 40, kwa nyinyi 6 ni lita 25 kila mtu na zinabaki kidogo. Umeme ukikatika kwa muda wa saa 12, joto linashuka kutoka 60 mpaka kama 53 au 54 tu. Kwa hiyo iwashe muda wowote umeme unapokuja na nguvu, hata saa nane za usiku, na saa ya kuwashia (ile ya kuzungusha kwa mkono inatosha) iwe ya A 16, si ya taa. Termosta iache kwenye 60. Wanaoshusha mpaka 45 kubana umeme wanakosa akiba ya delestaji, na maji ya vuguvugu yanayokaa siku kadhaa yanazaa bakteria.

Funika mabomba ya moto kwa povu, hasa mita mbili za kwanza. Kama paa lina upande unaotazama kaskazini, siku za mbele fikiria tangi la jua la lita 150 au 200 na boila ibaki nyuma yake, lakini siterne itabidi ipande tena juu ya tangi hilo.

Jikoni, kwa chakula cha watu 6, nunua chupa mbili za kilo 12, moja ikiisha nyingine inaingia. Zipime kwenye mizani mbele ya muuzaji: kwenye kola ya chupa kuna namba ya tara, uzito wake mtupu. Tara pamoja na 12 ndiyo mizani inapaswa kusoma.


Mama_wa_Ndendere:

Tara sikuwahi kuiangalia hata siku moja. Kizibo kimetoka, fundi wa teri anakuja Jumamosi, na mashine ya Ubelgiji tumeitoa kwenye bei. Kuna karatasi gani ya kumuomba mwenye nyumba kuhusu mita?


Nyaya_za_Kadutu:

Muombe namba ya mita na tiketi yake ya mwisho, uone jina lililoandikwa ni lake. Halafu nenda naye kwenye gishe (dirisha la huduma) ya SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, mkaulize kama namba hiyo ina deni la zamani, maana kwa kashi pawa deni linaweza kukatwa kidogo kidogo kwenye kila tiketi unayonunua wewe. Mpate karatasi yenye muhuri, ndipo mbadilishe jina. Na Jumamosi mwambie fundi apime teri mbele yako, aandike namba ya omu ndani ya mlango wa tablo kwa kalamu isiyofutika, pamoja na tarehe. Kiangazi ardhi ikikauka mtaipima tena muone imepanda kiasi gani.